Ukuta Uliofunga Njia ya Tata

Itirago, Tarime
Jumatano, baada ya Misa ya asubuhi

Kwa kaka yangu Gasto,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya hapo Mwanza, pamoja na wifi yangu Agustina, na kijana wetu Evance na masomo yake. Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Tembo wanasumbua wenzetu wa Machochwe, huku kwetu hawajafika. Sarah amemaliza mitihani yake na anakusalimia sana mjomba wake. Mume wangu Mseti naye yupo, salamu zake nitazieleza mbele. Mama bado yuko kitandani na mguu wake. Naye nitamfikia, usiruke mistari.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu zipo. Kaka, kwenye simu wewe una haraka, na mimi nikikasirika Kiswahili kinanikimbia, naingia Kikurya, halafu unaniambia nipunguze sauti. Karatasi haipunguzwi sauti. Nimesali rozari nzima kabla ya kushika kalamu ili hasira ishuke. Imeshuka mpaka kifuani, hapo ikagoma.

Nianze na stendi. Mara ya mwisho ulikuja na gari lako, ukashusha kioo, ukapungia watu, ukapanda zako nyumbani. Kwa hiyo stendi mpya unaijua kwa matairi, kwa miguu huijui. Ile ya zamani pale sokoni waliifunga, wakaipandisha huku juu kando ya barabara kuu ya Sirari, ili mabasi yasisumbuke kushuka. Mabasi hayasumbuki sasa. Wanaosumbuka ni sisi. Soko limebaki bondeni, zahanati imebaki bondeni, kanisa limebaki bondeni, na stendi iko mlimani. Mtu akishuka kwenye basi na gunia lake, inabidi arudi chini mwenyewe. Ndipo mimi nikahamishia chai yangu na maandazi huku juu, maana wateja wamehamia huku.

Mwanzoni hatukulalamika, kwa sababu njia ya Tata ilikuwepo. Unaikumbuka, Gasto, usijifanye mtu wa Mwanza. Ile njia ya ng'ombe iliyokatiza kiwanja chetu kutoka sokoni hadi juu barabarani, huku minyaa na huku minyaa. Baba yetu, marehemu Tata, aligombana na majirani kwa mipaka, kwa mbuzi, hata kwa kuku, lakini njia ile hakuifunga hata siku moja. Ng'ombe walipita kwenda mtoni, wanawake walipita na ndoo, majeneza yalipita. Ilikuwa pana. Ukimwona mbele yako mtu usiyepaswa kukutana naye uso kwa uso, unaingia pembeni kwenye minyaa, unageuka, mwenzako anapita, maisha yanaendelea. Unajua ninachosema. Wewe mwenyewe siku ya ubatizo wa Evance, mama mkwe wako aliposhuka kwenye gari bila kutarajiwa, uliruka ua wa Padre na suti yako mpya ukajificha kwenye mahindi yake, mpaka kwaya ikashindwa kuimba kwa kucheka. Na hakuna aliyekulaumu. Wazee walisema Gasto amesoma lakini ana adabu.

Sasa njia ile haipo. Ukuta wako umeifunga. Tangu mafundi wako wajenge zile fremu za maduka na kuzungushia tofali kiwanja chote, kuanzia minyaa hadi karibu na lami, mtu wa kwenda sokoni hana pa kupita isipokuwa ule ukanda mwembamba kati ya ukuta wako na barabara. Upande wa pili wa barabara kuna mtaro mkubwa usio na mfuniko, huko hakupitiki. Kwenye ukanda wako anaenea mtu mmoja. Wakikutana wawili, mmoja ajibanze ukutani kama mjusi. Na malori ya Sirari hayo, kaka, yakipita yanakupepea kanga.

Nilikuambia kwenye simu. Ulinijibu kwamba kiwanja ni chako kwa hati, kwamba stendi ikija ardhi inaamka, na kwamba mimi nifurahi maana fremu moja utanipa niuzie chai yangu. Nasema kweli, ile fremu ilinifumba mdomo kwa muda.

Sasa mwezi uliopita wakaja wataalamu kutoka mjini, wametumwa kupima kama mahali pa kuzunguka stendi panafaa kwa mtu anayetembea kwa miguu. Mimi nilicheka nilipoambiwa. Nikamwuliza mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee Nchagwa, tangu lini kutembea kunapimwa. Akaniambia ninyamaze, wanatoa soda. Mkubwa wao anaitwa Danford, mtu mpole mwenye miwani, na mwenzake ni dada mmoja, Naomi. Walichagua wananchi kadhaa tutembee nao, mimi nikiwa mmoja kwa sababu ya jumuiya yetu ya kanisa na kwa sababu ya chai.

Danford alitueleza kwamba kazi hiyo aliifanya kwanza kwenye stesheni ya treni ya mjini. Alisema treni inaweza kuwa nzuri kama ndege, lakini mtu akishuka akakuta uzio, barabara ya magari mengi na jua, basi ile stesheni ni kisiwa. Akasema mji unaojengwa vizuri huanzia kwenye miguu ya mtu aliyeshuka: njia iliyonyooka, kivuli, maduka yaliyogeuzia milango njiani, na soko karibu. Akasema wanaofanya biashara karibu na stesheni hufaidika zaidi watu wakipita mbele yao kuliko wakifungiwa nje. Kaka, yalikuwa maneno matamu. Nilitamani uwepo uyasikie wewe mwenye fremu.

Tukaanza kutembea. Walisukuma kigurudumu cha kupimia ardhini, watu wakatucheka. Werema, yule wa bodaboda mwenye mdomo, akapaza sauti akasema jamani mama Sarah amepata kazi ya kutembea, na aombe hela ya viatu. Mimi nikamjibu aje yeye ajifunze, maana tangu anunue pikipiki amesahau miguu ni ya nini. Tulikuwa na furaha. Mpaka tukafika kwenye ukuta wako.

Pale furaha iliisha. Method, yule afisa wetu wa mji mdogo, aliyekuwa kimya njia nzima, ghafla akawa msemaji. Akasema mwenye kiwanja amefuata taratibu zote. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Naomi akachuchumaa akaangalia nyayo, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Akaona nyayo zinakuja kwenye ukanda, halafu zinashuka kwenye lami, halafu zinarudi. Si mahali pamoja, ni kila mahali. Danford akauliza kwa nini watu wanashuka barabarani wakati ukanda upo, japo ni mwembamba. Akasema mahali pengine mtu angegeuka bega tu akapita.

Kaka, tulikuwa Wakurya watupu pale, ukiondoa wao na Method. Kila mmoja wetu alijua. Lakini mzee Nchagwa alikuwa amesimama karibu na mke wa mwanawe, mimi nilikuwa karibu na baba mdogo wa Mseti. Mambo ya wakwe utayatajaje mbele ya wakwe? Mzee akakohoa. Mwingine akaangalia mlima. Werema, aliyekuwa anatufuata na pikipiki, ndiye aliyejibu kwa utani wake. Akasema hawa ni wachunga ng'ombe, lami hawajaizoea, wakiiona wanataka kuigusa. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Danford hakucheka, ila Method alikuwa tayari anamvuta waende kuona vyoo.

Wiki iliyofuata wakatuita kwenye ukumbi kusoma walichokiona. Mengi yalikuwa mazuri, sitaki kuwa mwongo. Kivuli, taa, mtaro ufunikwe. Walipofika kwenye ukuta wako, Method ndiye aliyesimama kusoma. Akasoma kwamba hapo watembea kwa miguu wana tabia ya kushuka barabarani bila sababu, kwa hiyo wapewe elimu, na kibao kiwekwe. Kibao cha mtu anayetembea! Tufundishwe kutembea, Gasto. Mama aliyetembea na wewe mgongoni kutoka shambani hadi kliniki, afundishwe kutembea na Method aliyepangiwa kazi hapa juzi.

Bila sababu. Maneno hayo yalinichoma kama mafuta ya maandazi. Nilisimama. Sikujipanga, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema mbele ya ukumbi mzima kwamba kuna njia pale, njia ya ng'ombe, ya tangu babu, na imezibwa na ukuta. Nikasema irudishwe. Method akatabasamu kama mtu aliyekuwa ananisubiri. Akaniuliza kama mwenye ukuta si ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Basi, mama, akasema, mkayamalize nyumbani, msituletee ya familia ukumbini. Watu wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Mmoja nyuma kule akaropoka kwamba nimenyimwa fremu.

Danford alisubiri kicheko kiishe. Akasema wao hawana uwezo wa kuvunja ukuta wa mtu mwenye hati. Mwenye kiwanja akikubali kuacha njia, wataichora kwenye mpango na itajengwa vizuri, na fremu zitageuzia milango humo. Akikataa, basi kitabaki kibao. Wanakuja kuchukua jibu lako baada ya Pasaka. Kwa hiyo kaka, ninafanya nilivyoambiwa na Method. Ninayamaliza nyumbani.

Naomi alikuja baadaye kunywa chai. Akaniuliza taratibu, kama mdogo wangu, kama kweli hakuna sababu. Nilimimina chai mpaka ikafurika kikombe. Sikumwambia. Hakustahili kujua kabla yako.

Sasa tufike kwa mama.

Wewe uliambiwa mama aliteleza. Mimi ndiye niliyekuambia, kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya wodi. Ukasema umri umekwenda, awe mwangalifu, na ukamtumia viatu vya mpira visivyoteleza. Vilifika. Viko chini ya kitanda chake, havijakanyaga udongo.

Mama hakuteleza.

Ilikuwa Jumatatu ya gulio, wiki chache kabla wataalamu hawajaja. Mama alikuwa anapanda kutoka sokoni na kapu la ndizi mbivu kichwani, ananiletea niuze stendi. Mseti alikuwa anashuka kutoka stendi na mkokoteni wa kreti za soda. Mume wangu, kaka. Mkwe wa mama. Wakakutana katikati ya ukuta wako. Pale unapokata kona, hamwonani mpaka mmefikiana.

Mseti hakuweza kurudi nyuma, mkokoteni ulikuwa unamsukuma mteremkoni. Alifanya alichoweza. Aliubana kwa mgongo, akageuza uso wake ukutani, akafunga macho. Ameniambia alikuwa anaomba moyoni mama arudi nyuma. Lakini nyuma ya mama kulikuwa na watu na mizigo yao. Na unamjua mama. Mwanamke ambaye miaka yote hii hajala mbele ya Mseti, hajamwita kwa jina, akija kwangu anasimama nje kwanza anakohoa ili mume wangu apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Angempitia kifuani? Mama alivuta kanga akafunika uso wake, akashuka kwenye lami.

Na uso umefunikwa, Gasto.

Mimi nilisikia honi nikiwa kwenye jiko langu. Dereva wa lori alijitahidi, simlaumu, alikuwa analia kama mtoto. Lilimpiga kwa ubavu, likamvunja paja. Ndizi zilisambaa barabarani hadi kwenye mtaro. Na watu, wewe unawajua watu wa gulio, walisimama kwenye duara wakapiga kelele, kila mmoja akimwambia mwenzake amshike. Damu ilikuwa inatoka. Nilipofika mbio, nilimkuta mama yupo mikononi mwa Mseti. Alikuwa amembeba. Mkwe amembeba mkwe wake mbele ya gulio zima, kichwa chake mama kiko begani kwake, kanga imeanguka, na mume wangu analia anatembea kuelekea zahanati kule bondeni, kwa kuzunguka ukuta, kwa sababu njia fupi imezibwa.

Muuguzi alisema angechelewa kidogo tusingekuwa naye. Kwa hiyo Mseti aliokoa uhai wa mama yako. Na unajua amelipwa nini? Pale kwenye vilabu vya pombe wanamwimbia. Mura, kijana wetu, umembeba mkweo, na kesho umnyonyeshe! Ameuacha mkokoteni. Sokoni haendi. Wazee walikaa, mbuzi alichinjwa, mama mwenyewe akiwa kitandani alitamka baraka mlangoni, yeye ndani na Mseti nje, kwamba hana neno na mkwe wake. Limekwisha kwa wazee. Kwa Mseti halijaisha. Anakula kidogo, anaketi nyuma ya nyumba akiangalia upande wa mto.

Mama alinishika mkono siku ile ile akaniapisha nisikuambie. Alisema mambo mawili. La kwanza, aibu ya Mseti isisafiri hadi Mwanza. La pili, akasema, mwanangu Gasto akijua ni ukuta wake hatalala, na ana shinikizo la damu. Amevunjika mguu, kaka, na bado anapima usingizi wako! Nilimwahidi. Leo ninaivunja ahadi hiyo. Nilimwendea Padre nimuungamie kabla ya kuandika, akaniambia dhambi haiungamwi kabla ya kutendwa, niandike kwanza halafu nije Jumamosi. Mseti nilimwomba ruhusa. Akasema andika, ila mwambie shemeji kwamba sikumgusa kwa dharau. Hizo ndizo salamu zake.

Nimekukasirikia sana. Nimewakasirikia na wengine: Method na taratibu zake, mzee Nchagwa na kikohozi chake, mimi na kile kicheko. Lakini Method hakulelewa kwetu. Wewe ulilelewa kwetu. Ulipochora ukuta ule ulijua kabisa ni nani hupita pale na nani humpisha nani. Ukaacha upana wa mtu mmoja. Uliutoa wapi moyo huo? Mtu aliyeharibu suti kwenye mahindi ya Padre!

Fremu yako sitaki. Mpe mwingine.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Njoo kabla ya Pasaka. Usije na gari. Panda basi kama sisi, ushuke stendi Jumatatu ya gulio, ubebe mzigo wako, utembee kwa miguu hadi sokoni kupitia kwenye ukuta wako. Mama yake Agustina, mama mkwe wako, siku hizi anauza vitunguu pale sokoni, na saa basi la Mwanza linapofika ndipo anapopanda kurudi kwao. Mkikutana kwenye kona, utaniambia wewe mwenyewe utampisha wapi. Ukipata jibu, mwambie Danford.

Mama anakusalimia. Hajui kama naandika. Asubuhi ameuliza kama umepiga simu, nikamwambia una kazi nyingi. Daktari amesema akianza kutembea kwa magongo atahitaji njia pana.

Barua hii nampa Thadeo, kondakta wa basi la kesho, atakuletea mpaka mkononi. Mpe mkono wifi Agustina, na umwombee heri Evance. Bwana awe nanyi wote, akulinde barabarani, na akulainishe moyo kwa sababu mimi nimeshindwa.

Ni mimi dada yako ninayekupenda hata leo,

Veronika, mama Sarah